Jinsi ya kutumia programu za Windows kwenye Linux bila kuirudisha Windows

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 kuna watu kibao wamehamia Linux, wengi wao mashine zao bado nzima kabisa ila Windows 11 inazikataa kwa sababu hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama) au prosesa haimo kwenye orodha ya Microsoft. Kuhama kwenyewe sio kazi. Kazi ipo kwenye ile programu moja. Karibu kila mtu anayo, iwe ya mahesabu, ya kuchora ramani za nyumba, kamusi ya zamani, gemu, au ya kusoma kifaa fulani kupitia waya, na hiyo moja ndo inamrudisha mtu alikotoka. Mimi nataka usirudi kwa sababu hiyo peke yake, maana mara nyingi programu inakubali ukitumia Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, ila watu wanabofya faili la exe mara mbili, linagoma, wanaishia hapo hapo.

Kwanza ujue kwa nini exe haiwaki yenyewe, ukilielewa hili huko mbele hutababaika. Prosesa haijali mfumo endeshi, maelekezo yaliyomo ndani ya exe ni yale yale ya x86 (aina ya prosesa za Intel na AMD) ambayo prosesa yako inayafanya kila siku. Shida ni kwamba faili la Windows limepangwa kwa mpangilio wa PE na Linux inategemea ELF, alafu kubwa zaidi ni kwamba programu haijitegemei kwa kila kitu. Ikitaka kufungua faili, kuchora dirisha au kutoa sauti inauomba mfumo endeshi, na kwa Windows maombi hayo yanapita kwenye mafaili kama kernel32.dll, user32.dll na ntdll.dll, ambayo Linux haina. Wine inakuja na mafaili hayo yakiwa yameandikwa upya kabisa bila kutumia kodi ya Microsoft, na kila ombi likija inaligeuza liwe ombi ambalo Linux inalielewa. Hakuna kompyuta ya bandia inayoigizwa hapo katikati, ndo maana programu nyingi zinakimbia karibu sawa na zilivyokuwa zinakimbia kwenye Windows.

Mradi wa Wine ulianza 1993 na toleo la 1.0 lilitoka 2008, yaani miaka 15 ya kazi kabla hawajathubutu kuliita la kwanza. Windows ina maelfu ya maombi ya aina hiyo na yapo ambayo mpaka sasa hayajakamilika upande wa Wine. Programu yako ikigusa yaliyokamilika inawaka freshi, ikigusa lisilokamilika inazingua, na hapo ndo tofauti yote ilipo kati ya programu inayokubali na inayogoma. Haina uhusiano na programu kuwa kubwa au ndogo. Kuna magemu mazito yanacheza vizuri na kuna kiprogramu kidogo cha kuchapa lebo kinakataa katakata.

Kabla hujaweka chochote

Angalia kama hiyo programu ina toleo lake la Linux, au inafunguka kwenye brauza. Inashangaza ni mara ngapi mtu anapambana na Wine wakati watengenezaji wenyewe wameshatoa toleo la Linux. Kama halipo, nenda kwenye tovuti ya Wine, kuna hifadhi inaitwa AppDB ambapo watu wanaandika programu fulani imekwendaje, na kila moja inapewa daraja, kuanzia Platinum, Gold, Silver, Bronze mpaka Garbage. Usiangalie daraja peke yake, angalia tarehe na toleo la Wine aliyeandika alilokuwa anatumia, ripoti ya miaka mingi nyuma haikusaidii kitu. Kwa magemu nenda ProtonDB, tovuti yenye ripoti kama hizo.

Vipo vitu nakushauri usipoteze muda navyo kwenye Wine. Draiva za vifaa, yaani ile programu inayokuja na printa au skana ili Windows iitambue, hizo zinaingia ndani kwenye keneli ya Windows, yaani kiini cha mfumo endeshi, na Wine haina keneli hiyo. Magemu yenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu unaoingia kwenye keneli, mfano Valorant na Vanguard yake, nayo hayachezi. Programu zinazodai kifaa cha USB kichomekwe kama leseni mara nyingi zinagoma kwa sababu hiyo hiyo ya draiva. Matoleo mapya ya Microsoft 365 na Adobe Creative Cloud yanasumbua sana, mengine hayapiti hata hatua ya kuinstoo. Kwa hizi ruka moja kwa moja mpaka kwenye mashine pepe huko chini.

Kuweka Wine

Kwenye Ubuntu, Mint na ndugu zao fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install wine wine32:i386 winetricks

Mstari wa kwanza unaruhusu vifurushi vya biti 32. Usiuruke, manake programu nyingi za Windows za zamani ni za biti 32, na hata zile za biti 64 setapu yake mara nyingi ni ya biti 32. Kwenye Fedora ni sudo dnf install wine winetricks, kwenye Arch sudo pacman -S wine winetricks. Alafu andika wine --version uone umepata toleo gani. Kama ni la zamani sana, tovuti ya Wine ina hazina yake ya vifurushi vipya, toleo imara linatoka mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mwezi Januari.

Ukitaka kujua exe yako ni ya biti ngapi kuna amri ndogo nzuri sana:

file setup.exe

Ikikujibu PE32 hiyo ni biti 32, ikiwa PE32+ ni biti 64. Ikitaja ARM au Aarch64 basi umedaunlodi faili lisilo la prosesa yako, rudi katafute la x86.

Kila programu na folda yake

Hapa ndo naomba unisikilize vizuri kuliko sehemu nyingine yote. Ukiendesha Wine bila kuiambia kitu inatengeneza folda iliyofichwa inaitwa .wine, ndani yake kuna Windows ndogo yenye diski C na rejista (hifadhi ya mipangilio) yake, na folda ya aina hii inaitwa prifiksi. Watu wanatupia kila kitu kwenye hiyo moja. Wanaweka kamusi, wanaweka gemu, gemu inataka DLL fulani wanaiongeza, kesho kamusi iliyokuwa inafanya kazi haifunguki na hawajui nini kimebadilika. Kila programu ipe prifiksi yake. Ikiharibika unafuta folda hiyo moja unaanza upya, nyingine zote haziguswi.

Tuchukue mfano wa programu ya kamusi:

mkdir -p ~/wine
export WINEPREFIX=~/wine/kamusi
winecfg

Wine itatengeneza folda, na kama itauliza kuhusu kuweka Mono au Gecko ikubalie, Mono ni kwa ajili ya programu za .NET na Gecko ni kwa zile zinazoonyesha kurasa za HTML ndani yake. Kisha dirisha la mipangilio litafunguka, kwa sasa lifunge tu. Kumbuka ile export inakaa kwenye dirisha la terminali ulilopo tu, ukifungua terminali nyingine inabidi uiandike tena, la sivyo utakuwa unafanya kazi kwenye prifiksi nyingine bila kujua, na hili ndo chanzo cha malalamiko mengi ya "jana ilikuwa inafanya kazi".

Sasa ingia kwenye folda lenye setapu uiwashe:

wine setup.exe

Kama setapu ni faili la msi basi ni wine msiexec /i setup.msi. Utaona dirisha lile lile la Next, Next, Finish ulilolizoea. Ikimaliza programu itakuwa imekaa ndani ya ~/wine/kamusi/drive_c kwenye Program Files, au Program Files (x86) kama ni ya biti 32, na mara nyingi ikoni inatokea yenyewe kwenye menyu yako. Ukibofya hiyo ikoni ikawaka, umemaliza, endelea na kazi zako.

Ikigoma kuwaka

Usiibofye tena na tena. Iwashe kwa terminali ili uone inalalamikia nini, na uiwashe ukiwa ndani ya folda yake kwa sababu kuna programu zinatafuta mafaili yake pale pale zilipoitiwa:

cd "$WINEPREFIX/drive_c/Program Files/Kamusi"
wine Kamusi.exe > ~/logi.txt 2>&1

Fungua hiyo logi. Utakuta mistari mingi imeanza na fixme na hii inawatisha watu bure, wanaikopi yote wanaomba msaada. Mistari ya fixme ni Wine inajikumbusha kwamba kuna ombi haijalimaliza kulitengeneza, na mara nyingi programu inaendelea bila shida hata kama ombi hilo halikujibiwa kikamilifu. Unachotafuta ni err, na hasa maneno not found:

grep "not found" ~/logi.txt

Mfano wa kitu utakachokikuta:

0024:err:module:import_dll Library MFC140U.dll (which is needed by L"C:\\Program Files\\Kamusi\\Kamusi.exe") not found

Usome polepole, umejitosheleza. Unakwambia faili MFC140U.dll linahitajika na Kamusi.exe na halipo, basi. Wine haina MFC yake, kwahiyo inabidi uilete ya Microsoft, na winetricks ndo inafanya hiyo kazi:

winetricks -q vcrun2022

Inadaunlodi kifurushi rasmi cha Visual C++ na kukiweka ndani ya prifiksi uliyopo, ndo maana export lazima iwe imeshafanyika kwenye terminali hiyo. Iwashe tena programu. Ikitaja faili jingine unarudia mchezo ule ule. Ikilalamikia MSVBVM60.DLL hiyo ni programu ya Visual Basic 6, weka vb6run. Ikitaja MFC42.DLL ni ya zamani zaidi, weka mfc42. Ikiwa ni ya .NET na Mono imeshindwa kuibeba, weka dotnet48, ila hiyo inachukua muda mrefu na inabadilisha mambo mengi kwenye prifiksi, kwahiyo jaribu kwanza bila hiyo. Na usiweke vitu kumi kwa mkupuo eti kwa tahadhari. Weka kimoja, jaribu, kisha kingine, hivyo utajua ni kipi kimesaidia na siku ukirudia kwenye mashine nyingine unaweka hicho tu.

Kama haitaji faili lolote ila inafunguka na kujifunga, jaribu kubadilisha toleo la Windows. Fungua winecfg, kwenye ukurasa wa kwanza chini kabisa kuna sehemu ya kuchagua, programu ya zamani iambie Windows 7. Kuna programu zinaangalia namba ya toleo tu na zikikuta isiyotegemewa zinajizima. Na programu ikiganda mpaka dirisha halifungi, amri ni wineserver -k, hiyo inazima kila kitu kwenye prifiksi hiyo bila kugusa mashine yako.

Maandishi yakiwa vimraba au yameparaganyika weka winetricks corefonts. Yakiwa madogo sana kwenye skrini za kisasa, winecfg ina ukurasa wa Graphics, kuna namba 96, ipandishe 120 au 144.

Vifaa vya waya

Hii naiweka peke yake kwa sababu watu wengi wanadhani haiwezekani kabisa. Mizani, mashine za maabara, vifaa vya kusoma gari, vingi vinazungumza na kompyuta kupitia bandari ya COM, siku hizi kwa waya wa USB wenye kigeuzi. Linux yenyewe mara nyingi ina draiva ya kigeuzi hicho tayari, ukichomeka kinatokea kama /dev/ttyUSB0. Wine inaionyesha bandari hiyo kwa programu kama COM fulani. Kama programu imeng'ang'ania COM1 na kifaa chako kimepewa namba nyingine, fungua wine regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports, tengeneza thamani ya maandishi yenye jina COM1 na ndani uandike /dev/ttyUSB0, kisha wineserver -k ili isome upya.

Ikikwambia bandari haifunguki wakati kila kitu kipo sawa, basi huna ruhusa. Kwenye Debian na Ubuntu jiunge na kundi la dialout:

sudo usermod -aG dialout $USER

Toka kwenye akaunti uingie tena. Kwenye Arch kundi linaitwa uucp.

Magemu, na wasiopenda terminali

Kwa magemu usihangaike na Wine kavu. Steam ina Proton tangu Agosti 2018, ni Wine iliyoongezewa vitu kadhaa, kikubwa kikiwa DXVK inayogeuza Direct3D, njia ya Windows ya kuchora picha za magemu, iwe Vulkan ambayo Linux inaielewa, kwahiyo kadi yako ya picha lazima iwe na draiva ya Vulkan. Gemu ambalo Steam haijaliruhusu lenyewe, fungua Properties zake, nenda Compatibility, utie tiki ya kulazimisha Proton. Hata programu ambayo hukuinunua Steam unaweza kuiongeza pale kama gemu la nje na ukaipa Proton.

Asiyetaka kuandika amri aweke Bottles, flatpak install flathub com.usebottles.bottles, yenyewe inafanya hii habari ya prifiksi tofauti kwa kubonyeza vitufe tu. Ila ujue imefungiwa isione folda zako zote, ukishindwa kufungua faili lililo kwenye diski nyingine sababu ni hiyo, inabidi uipe ruhusa kwanza.

Wine ikishindwa kabisa

Mashine pepe. Hapa unaweka Windows nzima ndani ya dirisha na programu haijui kama iko ndani ya Linux. Angalia kwanza kama prosesa inaruhusu:

grep -E -c 'vmx|svm' /proc/cpuinfo

Jibu likiwa 0, ingia BIOS uwashe VT-x kwa Intel au AMD-V kwa AMD. Kisha weka GNOME Boxes kama unataka urahisi, au virt-manager ukitaka kugusa kila kitu, VirtualBox nayo ipo. Kwa matumizi haya ubaya wa mashine pepe ni uzito wake. Windows 11 peke yake inadai RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, kwahiyo mashine yenye RAM ya GB 8 itahema na yenye GB 4 usijaribu, na leseni ya Windows bado unaihitaji. Uzuri wake ni kwamba kile kifaa cha USB cha leseni unaweza kukikabidhi moja kwa moja kwa Windows ya ndani, ikaweka draiva yake na mambo yakaenda. Kwa gemu zito usitegemee, picha zinakuwa nzito.

Wenye Mac, Wine ipo pia na CrossOver ni toleo lake la kulipia lenye msaada. Macbook zenye prosesa za Apple zilizoanza 2020 hazina Boot Camp, kwahiyo habari ya kuweka Windows pembeni haipo. Na aliye kwenye Windows anayetaka programu za Linux, kwake ni rahisi kuliko wote, afungue terminali kama admini aandike wsl --install.

Usalama

Wine sio kizuizi cha vairasi. Vairasi ya Windows ikiwaka ndani ya Wine inaona mafaili yako kwa sababu kuna diski Z inayoelekea kwenye Linux yako nzima, na zile zinazofunga mafaili ili udaiwe pesa zinaweza kufunga picha zako kama kawaida. Usiwashe Wine kwa sudo hata siku moja. Exe usiyoiamini usiiwashe, na kama lazima, andika kwanza winetricks sandbox kwenye prifiksi hiyo, inaondoa viungo vya kuelekea kwenye folda zako. Inapunguza hatari, haiiondoi, kwa kitu cha mashaka kweli tumia mashine pepe isiyo na intaneti.

Kuhifadhi na kufuta

Programu ikishakubali na umeridhika, ifunge, kisha hifadhi prifiksi nzima siku hiyo hiyo kabla Wine haijapata apdeti:

tar -czf kamusi.tar.gz -C ~/wine kamusi

Kwenye mashine nyingine unaweka Wine, unafanya mkdir -p ~/wine, kisha tar -xzf kamusi.tar.gz -C ~/wine, na programu inakuwa na mipangilio yake yote. Tumia jina lile lile la mtumiaji kama unaweza, manake ndani ya drive_c/users kuna folda lenye jina lako na programu nyingine zinahifadhi kazi humo. Programu yenye leseni iliyofungwa kwenye mashine itakuomba uisajili upya. Na siku ukiichoka, futa folda ya ~/wine/kamusi, alafu ikoni zilizobaki kwenye menyu utazikuta ~/.local/share/applications/wine, nazo unazifuta kwa mkono.